Gari la Viti Viwili na Maneno ya Bibi Yako

Mikumi, Jumapili jioni

Mwanangu Tabitha,

Barua huanza kwa kuulizana afya. Wewe umepita hapa mapokezi sasa hivi, kitabu cha nyimbo kwapani, unakwenda kuagana na wanakwaya wenzako, nami nimekuona u mzima. Mimi mwili hauna neno. Kwa hiyo hayo yamekwisha, niingie kwenye lililonikalisha hapa.

Mama yako amekwisha kukuambia habari za chandarua, ndoo, baridi ya Mbeya na kufunga mlango kabla ya kulala. Sitarudia. Kesho asubuhi basi litasimama hapo barabarani, na mimi najijua. Nitashika sanduku lako, nitabishana na konda wapi pa kuliweka, nitapunga mkono, na nitakuwa sijasema kitu. Miaka kumi nimekuwa nikifanya hivyo. Nashughulika na mizigo ili nisiseme.

Nataka kukuandikia habari za lile gari la viti viwili, na za bibi yako Perusi, aliyemzaa mama yako. Unadhani unazijua. Unajua nusu, na hiyo nusu niliipotosha mimi.

Nilipolichagua lile gari ulikuwa na miaka minane, ukikaa kwa bibi yako kule kijijini Ulaya, njia ya Kilosa, kwa sababu ya shule, maana hapa tulikuwa bado tunaijenga nyumba hii ya wageni chumba kimoja kimoja, na mama yako alikuwa akipikia mafundi na wasafiri kwa sufuria zile zile. Ilikuwa miaka ya ruksa. Wewe hukuiona foleni ya sabuni, kwa hiyo siwezi kukueleza vizuri jinsi tulivyojisikia vitu vilipoanza kuja. Mtu uliyezoea kumwona ameficha sukari chini ya kitanda, sasa anaipanga kwenye rafu mchana kweupe. Mahindi nayo yakaruhusiwa kwenda popote. Nikaanza kununua Ulaya na vijiji vya njia ya Kilosa, lakini kila msimu mzigo wangu ulilala ukisubiri lori la mtu mwingine.

Kwa hiyo tukakubaliana nyumbani kwamba tutanunua pikapu. Mama yako aliitaka. Bibi yako aliitaka, alituma neno kabisa kwamba anaiombea. Hata mchungaji alituita mbele Jumapili moja, akaomba Bwana atupe chombo cha kubebea mavuno na wagonjwa. Nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nikaenda Dar es Salaam. Pikapu ilikuwepo kwenye ile yadi ya magari, nyeupe, imara. Niliizunguka, nikapiga matairi teke, nikalala chini nikaangalia chasisi kama nilivyofundishwa na madereva wanaolala hapa kwetu. Haikuwa na kasoro. Ningeilipia saa ile ile, ila muuzaji aliitwa kwenye simu, akaniacha peke yangu.

Nikaliona lile jingine. Lilikuwa pembeni, chini kabisa, kama mnyama aliyelala. Kijani kile cha jani la mgomba likinyeshewa. Viti viwili vya ngozi, rangi ya asali, na paa la turubai limekunjwa nyuma vizuri kama kitenge kilichopigwa pasi. Mlango ulikuwa wazi. Nikaingia nikakaa. Mwanangu, sijawahi kukalia kitu kama kile. Ngozi ilinuka kama duka la viatu vipya, usukani ulikuwa mdogo, mikono ikajua yenyewe pa kushika. Nikainua macho nikaona mbingu.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata mama yako sikumwambia. Nilipokuwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa, nilikuwa nachoma mahindi hapa barabarani, kabla hapajawa na nyumba nyingi. Siku moja gari la wazi kama lile lilisimama, mwanamume na mwanamke, wanakwenda kuangalia wanyama mbugani. Wakanunua mahindi mawili. Yule mwanamke akacheka kwa jambo lao wenyewe, wakaondoka. Sikuwaonea wivu wa fedha. Niliwaonea wivu kwamba walikuwa wanakwenda bila kubeba kitu. Mimi tangu nizaliwe sikuwahi kwenda mahali mikono mitupu. Kuni, maji, magunia, mdogo wangu mgongoni. Na lile gari halikuwa na pa kuweka hata gunia moja. Wengine wangeona hiyo ni kasoro. Mimi nililipendea hapo hapo.

Muuzaji aliporudi akanikuta nimekaa. Alikuwa mtu wa maneno. Akasema, "Hili si la magunia, bosi. Hili ni la wewe na umpendaye." Halafu akaniuliza kama nina familia kubwa. Nikamjibu, ya kawaida tu. Nilijibu hivyo mimi, mwenye mke, mtoto, mama mkwe, mashemeji, na kanisa zima lililosema amina.

Nilipofika nalo Mikumi madereva wa malori waliokuwa wakinywa chai walisimama wote. Jioni ile ile lilikuwa na jina. "Karai limepita," walikuwa wakisema, "leteni sabuni." Nilicheka nao. Mama yako alitoka jikoni akifuta mikono, akalizunguka mara moja, akauliza, "Na nyuma?" Nikamwambia halina nyuma. Akasema, "Haya, baba Tabitha," akarudi kwenye moto wake. Kumbuka hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza.

Wiki ya pili nyani walilichana paa wakitafuta ganda la ndizi. Nikampelekea fundi viatu, akaliziba kwa turubai la lori. Nalo bado nililipenda. Kila asubuhi nililifuta mwenyewe kwa fulana yangu ya zamani, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kulishika. Mjomba wako Elia, ambaye alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa Ruhembe, alikuja kuniomba. Alikuwa anakaribia kuoa. Akasema, "Shemeji, siku moja tu, nimpeleke bibi harusi kanisani." Hapo mapokezi kulikuwa na wageni wamekaa. Nikamjibu mbele yao, "Mikono ya trekta haishiki usukani huu." Watu wakacheka. Elia naye akacheka, kwa kuniheshimu. Alimpeleka bibi harusi wake kwa tela la miwa lililofungwa vitambaa, na watu wanasema ilipendeza.

Neno lile, mwanangu, ndilo lililonifunga. Ukishasema neno la namna ile mbele za watu, inakubidi uliishi.

Mwaka uliofuata, mwanzo wa kiangazi, ikaja habari kwamba bibi yako ameshikwa na tumbo tangu usiku, halimwachi, na inabidi afike Kilosa hospitalini. Mama yako akavaa kanga akaja mlangoni tuondoke wote. Nikamwambia kiti ni kimoja, tumwachie mama. Akabaki.

Nilifika asubuhi. Ulitoka mbio bila viatu, ukaniamkia, nikakuitikia, na hapo hapo nikakuambia usishike mlango kwa mikono ya vumbi. Nataka nikiri hata hilo.

Wanawake wa jirani walikuwa jikoni wakichemsha maji. Mama Yusufu akachungulia gari, akasema, "Hivi hapa anakaa mgonjwa au bibi harusi?" Alikuwa anatania tu, kuondoa hofu. Lakini nilitazama vile viti, na hapo ndipo nilipovihesabu kwa mara ya kwanza.

Unajua sisi. Tangu nimwoe mama yako, bibi yako hakuwahi kula mbele yangu. Hakunitaja jina. Nikija, anavuta kanga anageuka pembeni, na maneno yake yananijia kwa mdomo wa mwingine, mara nyingi wako. Huo haukuwa uadui, ilikuwa heshima, nami niliipenda, maana hakuna mtu mwingine aliyenipa heshima nzito kama ile. Kwenye pikapu angekaa nyuma na wanawake, au ndani na mwanawe kati yetu. Lakini kwenye lile gari viti vimebanana, na gia iko katikati. Kila nikibadili gia mkono wangu ungegusa goti la mama mkwe wangu, kutoka Ulaya mpaka Kilosa. Nilikuwa nimenunua gari la mtu asiye na wakwe. Na kule kwenye yadi sikuwa nimefikiri hata kidogo, mimi niliyefunzwa heshima hiyo kabla ya kufunzwa kusoma.

Nikakuita nikakutuma kwake. Ndani mlikuwa wawili tu. Ulikaa kidogo, ukarudi, ukasimama mbele yangu umeshika mikono nyuma kama mlivyofundishwa shuleni. Ukasema hivi, sijasahau hata neno: "Bibi anashukuru kwa kuja. Anasema atapanda. Ila anaomba mjomba Elia ndiye aendeshe, na wewe baba usione vibaya."

Soma hapo tena.

Mjomba wako alikuwa amefika kumtembelea tangu jana yake, alikuwa nyumba ya pili akiazima baiskeli. Ilikuwa ni kumwita tu. Ilikuwa ni kutoa ufunguo mfukoni. Bibi yako, mwanamke wa mila, mgonjwa vile, alikuwa amekwisha kutafuta njia ndani ya maumivu yake, njia ya kumwezesha kwenda bila kunivunjia mimi heshima. Nami akilini nikaona wageni wa mapokezi wanacheka. Nikaona mikono ya Elia kwenye ule usukani, baada ya maneno niliyomwambia. Nikakujibu, "Mwambie bibi nimesikia. Nakwenda kuleta gari kubwa." Nikaondoka, mwanangu. Niliondoka na kile kiti pembeni yangu kitupu, njia nzima.

Kufika hapa mama yako akatoka barabarani. Akaniuliza, "Mama yuko wapi?" Na mimi, bila kupanga, kama mtu anayejikinga vumbi, nikamwambia, "Hataki gari. Mtoto ameniletea maneno, hataki kabisa."

Ulikuwa uongo mdogo wa kupitisha dakika ile. Nilidhani nitaleta pikapu, mama atapona, na hakuna atakayekumbuka nani alisema nini.

Pikapu nilizozijua zilikuwa zimekwenda na mizigo. Nilipopata moja jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Dereva wake alinifuata nyuma, mimi mbele na lile gari. Ulaya tukaambiwa Elia hakuweza kusubiri, wamemlaza kwenye kitanda na wanaume wanampokezana mabegani kuelekea Kilosa. Tukawafuata. Tulikutana nao njiani, wanarudi. Walikuwa wanatembea taratibu sasa. Kanga ilikuwa imemfunika bibi yako mpaka usoni.

Nilisimamisha gari katikati ya njia. Sikushuka. Elia alikuwa mbele upande wa kushoto, shati limemgandia kwa jasho. Alinitazama, akatazama kile kiti. Akasema, "Shemeji, sogeza gari tupite."

Ni hilo tu alilosema. Mpaka leo.

Msibani mama yako alikuita mbele ya wanawake. Alikuwa analia, usimlaumu. Akakuuliza bibi alisema nini hasa. Ukanitazama mimi. Nilikuwa nimekaa na wanaume kwenye benchi, karibu tu, na mama yako akaendelea, akasema baba yako anasema ulimwambia bibi hataki. Ulifungua mdomo, halafu ukaufunga. Mama Yusufu akasema kwa huruma, watoto hao, maneno ya wakubwa hawajui kuyafikisha. Akakupakata. Na mimi nikainamisha kichwa nikaacha liwe hivyo. Ulikuwa na miaka tisa, na ulinyamaza kwa sababu tulikufundisha kwamba mtoto hamsahihishi baba mbele za watu. Nilijificha nyuma ya adabu yako.

Baada ya hapo ukaanza ile tabia. Unatumwa dukani, unarudia maneno mara mbili kabla ya kuondoka. Unaleta salamu, unazisema, halafu unauliza, "Nimesema vizuri?" Watu wakasema mtoto huyu ana uangalifu. Mwalimu mkuu alikusifia. Mimi nilikuwa najua unatafuta nini. Unatafuta neno ulilolikosea. Hujawahi kulikosea, mwanangu, ndiyo sababu hulioni. Na sasa naanza kufikiri kwamba pengine wewe mwenyewe umekwisha kuamini niliyoyasema, kwamba ukikumbuka siku ile unasikia mdomo wako ukisema "hataki". Mtoto akiambiwa jambo na baba yake miaka yote, kumbukumbu yake huenda upande wa baba.

Gari nililiuza. Alilichukua mtu wa Dar es Salaam, akaja na rafiki yake, wakaondoka wanacheka. Nikanunua pikapu unayoijua, na tangu hapo nimebeba wagonjwa wa kila kijiji cha njia ile, bila kumdai mtu. Watu wanasema baba Tabitha ana moyo. Kila Jumapili ya ushirika nimepiga magoti, nimepokea mkate, nimerudi kwenye benchi. Nimeomba msamaha kwa Mungu mara nyingi sana. Nimechoka kumwomba yeye, kwa kuwa najua si yeye niliyemtupia maneno.

Usifikiri nakuambia usipende kitu kizuri. Lile gari lilikuwa zuri kweli, na ukipata siku moja kitu kinachokupa raha ile ya kwenda bila mzigo, kifurahie, umebeba vya kutosha kwa umri wako. Ila utakapochagua kitu, au mtu, wakumbuke watu wako mmoja mmoja, na umwangalie ambaye hatakuwa na mahali. Mimi sikumwangalia. Hata hivyo kosa la yadi lilikuwa la kijinga tu, lingeweza kutengenezwa kwa ufunguo. Kubwa ni lile la mlangoni kwa bibi yako, na kubwa kuliko yote ni la kwenye benchi msibani. Kama bibi yako angepona lau Elia angeendesha, sijui. Daktari mmoja alilala hapa kwetu mwaka uliofuata, mtu mpole. Nilimpelekea chai, nikasimama mlangoni na swali, nikamwuliza kama maji ya kuoga yanatosha.

Unakwenda kusomea ualimu. Utasimama mbele ya watoto, na utakachosema watakishika. Siwezi kukuacha uende ukiwa na shaka na mdomo wako mwenyewe.

Leo baada ya ibada nilimwambia mama yako. Yote, tumekaa kwenye vitanda vya chumba namba tatu ambacho hakina mgeni. Hakulia. Aliniuliza kama mama alisema kweli kwamba atapanda. Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, "Alisema atapanda?" Nikamwambia alisema atapanda, ila Elia aendeshe. Akasema, "Miaka yote namlaumu mama kwa ukaidi." Halafu akatoka kwenda kukunja nguo zako. Ukimkuta amenyamaza leo, ujue si wewe. Kesho ukishaondoka nitakwenda Ruhembe kwa mjomba wako. Sijui atanipokeaje, na si haki yangu kujua mapema.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya sanduku, uikute umefika Mbeya. Nimeona huko kungekuwa kuondoka tena na kukuacha mlangoni. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla ya chakula, nami nitakaa pale pale utakapokaa mpaka umalize kuisoma. Ukitaka kusema, sema. Ukitaka kuniuliza mbele ya mama yako, uliza. Mbele ya wageni pia ni sawa. Ukitaka kuondoka bila kunipa mkono, sitakuja na sanduku kukulazimisha.

Nakuombea safari ya heri, na moyo mwepesi.

Ni mimi baba yako, niliyekusikia vizuri siku ile.